Kwaya inaimba vizuri ila maneno hayasikiki, tatizo ni nini?

Sisi tunaofundisha kwaya kuimba, hii simu tunapigiwa sana hasa Pasaka na Krismasi zikikaribia: mwalimu, sauti nne zimekaa vizuri, ila waliokaa nyuma wanasema hawajaelewa tumeimba nini. Na wengi wakishaambiwa hivyo wanaongeza nguvu, wanakaza kila herufi, basi wimbo unakatika katika kama mtu anapasua kuni.

Jamani, mara nyingi sio sauti ndogo, ni konsonanti zinakula muda wa irabu. Kiswahili chetu silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo melodi inatembea juu ya a e i o u, konsonanti unaigusa haraka unapita. Chukua mstari kama "nyumba yangu ina amani". Noti ya "nyu" ina mapigo matatu, lakini waimbaji wanafunga midomo mapema, u inapata pigo moja tu, mawili yaliyobaki ni mmmm ya puani. Mazoezini tunawaambia shikilieni nyuuu mpaka noti iishe kabisa, halafu "mba" yote iingie na noti inayofuata. Hapo hapo sauti inafunguka, na mimi hiyo hainichoshi hata niisikie mara mia. Ila "mtu" na "mke" ni habari nyingine, m yenyewe ni silabi na ina noti yake, hiyo iimbwe kwa midomo iliyofungwa mpaka muda wake uishe.

Pale kwenye "ina amani" a mbili zinakutana, wengine wanazimeza inakuwa "inamani", wengine wanakata pumzi na mstari unavunjika. Tunafundisha a ya pili ipate msukumo mdogo wa tumbo, koo lisifunge.

Tukija kwenu tunaanza na irabu tupu za mstari huo, u a a u i a a a i, pumzi moja, kidole kidevuni kuona taya halirukiruki. Ikishatiririka ndo konsonanti zinarudi, kwanza kwa kunong'ona kwenye mapigo, halafu kwa noti. Na kama noti ndefu imewekwa kwenye "a" ya kwanza ya "amani" badala ya "ma" yenye mkazo (nyimbo za kutafsiri zina hii sana), tunamwambia mwalimu wenu ukweli, noti isogezwe, waimbaji hawawezi kuiokoa.

Tunakuja hapo hapo mnapofanyia mazoezi, jumamosi au jioni za katikati ya wiki. Kabla hatujaja rekodini ubeti mmoja mtutumie, ila simu ikae kwenye viti vya nyuma kabisa, sio mbele kwa mwalimu.