Kilwa ndani ya kitabu cha mchoraji Mjerumani

Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Natumai mu wazima nyote hapo Kilwa na watoto wa darasa lako la uchoraji hawajambo. Huku tunamshukuru Mungu.

Uliniomba nikutafutie habari za wachoraji wa Ulaya waliosafiri kwenda kuchora nchi za joto. Nimemfuatilia mmoja, Johann Moritz Rugendas, mzaliwa wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1802. Ukoo wao ulisifika kwa picha za vita. Yeye, akiwa kijana mbichi, alipanda meli mwaka 1822 kwenda Brazil kuwa mchoraji wa msafara wa kisayansi ulioongozwa na Langsdorff, balozi mdogo wa Urusi huko. Akakosana na mkuu wake, akajitoa, akazunguka kivyake hadi aliporudi Ulaya mwaka 1825. Huko Paris michoro yake ilimpendeza sana Alexander von Humboldt, yule mwanasayansi aliyeamini kwamba kila ukanda wa dunia una sura yake na kwamba mimea ndiyo inayoipa sura hiyo. Kwake yeye haikutosha mchoraji kujaza kijani na kusema huu ni msitu. Rugendas alilijua hilo. Ukiikuza picha yake ya msitu unaona mmea wa kutambaa ulivyoshika shina, unaona mmea ulioota juu ya tawi la mwenzake. Nilikaa nayo saa nyingi, shoga, na nikafurahi kwelikweli.

Kitabu chake cha safari ya Brazil kilitoka Paris kwa mafungu kati ya 1827 na 1835, kina picha 100. Nilikuwa nikikipekua kwenye kompyuta kutafuta michikichi, nikafika kwenye ukurasa wa nyuso za watumwa. Chini yake pameandikwa: Cabinda, Quiloa, Rebolla, Mina. Quiloa, Mwanaidi, ndivyo Wareno walivyoiandika Kilwa.

Sikuweza kuendelea siku ile. Mtu aliyepita hapo kwenu akiwa amefungwa, akavushwa bahari mbili, amekaa ndani ya kitabu karibu miaka 200, na hakuna aliyemwandika jina. Tena jina la Kilwa huenda ni la bandari tu. Wengi waliouzwa hapo waliletwa kutoka bara, njia ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo labda kwao ni Uyao au Umakua. Kinachoniuma ni kwamba Rugendas alikuwa na jicho la kutosha kutofautisha majani ya mti na mti. Nyuso nazo kazichora kwa makini, kila mmoja na wake. Lakini akazipanga kwa bandari na kabila, kama anavyopanga mimea. Swali la "unaitwa nani?" halikuingia kitabuni.

Hata hivyo siwezi kumtupa. Kitabu hichohicho kina picha ya watu waliorundikwa tumboni mwa meli ya watumwa, na ina uchungu. Ipo nyingine ya vijana wawili wakicheza kapoeira, mchezo wa watumwa wa Brazil uliochanganya kupigana na kucheza ngoma; mpiga ngoma ameikalia ngoma yake, watu wamewazunguka. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa za mchezo huo. Utumwa wa Brazil ulikomeshwa mwaka 1888 tu. Bila michoro kama hii tungebaki na hesabu za wafanyabiashara.

Baadaye alirudi Amerika, akaanzia Mexico mwaka 1831, kisha Chile na kwingineko, akafia Ujerumani mwaka 1858. Hayo nitakusimulia tukionana.

Sasa ombi langu. Nataka kuuchapisha ukurasa ule kwa ukubwa niulete darasani kwako. Usiwaambie watoto chochote kwanza. Waache watazame, wachore, na anayetaka ampe jina mtu wa Quiloa. Shule zikifungua nitapanda basi la asubuhi. Niambie tu kama mkuu wako wa shule atakubali, na kama penseli zipo au nibebe.

Nisalimie mama na wadogo zako.

Shoga yako,
Zuhura