Barua ya wazi kwa vijana wa IELTS: neno “kazi” ndilo linalowaangusha

Wanangu mnaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza hapa Kisumu, na wenzenu wa Kakamega, Kericho na Nakuru,

Nawasalimu nyote. Madaftari yenu yamejaa maneno mazito kama “ubiquitous”, “plethora” na “obsolescence”. Yawekeni kando kidogo. Mada ya kazi na mashine hupenda kujitokeza katika IELTS, na wanaojikwaa humo hawakwazwi na maneno mazito. Hukwazwa na “job” na “work”, maneno waliyoyajua tangu darasa la pili.

Lawama nusu ni ya Kiswahili chetu. Sisi tuna “kazi”, neno moja linalobeba mzigo wote: kazi ya ofisini, kazi ya kufua, kukosa kazi, kazi kwako. Kiingereza kimeugawa mzigo huo. “Work” halihesabiki, kwa hiyo “I got a work in Nakuru” ni kosa ambalo mtahini huliona kabla hajafika mwisho wa mstari. Sema “I found work” au “I got a job”. “Works” ipo, lakini ni ya kazi za sanaa au za ujenzi wa barabara. “Employment” ni hali ya kuajiriwa. “Occupation” ni ile unayoijaza kwenye fomu. Na “task” ni kipande kimoja tu cha kazi, kama vile kupima uzito wa majani ya chai kituoni.

Ishikeni sana tofauti ya “task” na “job”, kwa sababu insha nzima inaweza kusimama juu yake. Chukueni ATM. Herufi ya kwanza ni “automated”, na “teller” ni karani wa benki anayepokea na kutoa pesa. Mashine imechukua kipande cha kuhesabu na kutoa noti, lakini karani bado yupo, anafungua akaunti na kusikiliza malalamiko. Ndipo unapoandika: “Machines often take over routine tasks rather than whole jobs.” Hapo hakuna neno hata moja gumu, na bado hoja imekaa. Angalia pia kwamba “take over” kama kitenzi ni maneno mawili. Likiunganishwa huwa nomino, na maana yake huelekea kwenye kampuni moja kuimeza nyingine.

Sasa Kericho. Mnaipenda mifano ya mashine za kuchuma chai, na ni mifano mizuri. Mei 2023 baadhi yake ziliteketezwa katika maandamano ya watu waliolalamikia ajira. Lakini wengi wenu mnaziita “automation”. Mashine inayohitaji watu wa kuipitisha juu ya vichaka ni “mechanisation”: nguvu za mkono zimebadilishwa na injini, ila binadamu ndiye anayeiongoza. “Automation” ni pale mtambo unapofuata maagizo uliyopewa bila mtu kuushika kila hatua. Ukiyachanganya hayo mawili, mtahini ataona kwamba umekariri neno bila kujua linakaa wapi. Na kipimo chetu cha zamani kinasaidia: panga la kukata miwa Muhoroni ni “manual work”, na shamba linalotegemea mikono mingi ni “labour-intensive”.

Jambo la kuachishwa kazi linahitaji uangalifu zaidi, maana neno baya hapa humharibia mtu jina. “He was fired” humaanisha kwa kawaida kwamba alikosea, au bosi hakuridhika naye. Kama nafasi yake imeondolewa kwa sababu mtambo umeletwa, Waingereza husema “he was made redundant”. “Laid off” ni ya kupunguzwa kwa sababu kazi imekwisha au pesa zimepungua, pengine kwa muda tu. Iandikeni “laid”, si “layed”. “Resign” ni kujiuzulu na “retire” ni kustaafu. “Retrenched” tunayoitumia Kenya inaeleweka katika nchi kadhaa, lakini nchini Uingereza “made redundant” ndiyo iliyozoeleka. Na tafadhali, “lose” ina “o” moja. “Workers loose their jobs” ni kama kusema wamezilegeza kazi zao, na ni kosa la kila wiki.

Kiingereza chetu cha hapa nyumbani nacho kina maneno matamu yasiyovuka mpaka. “I have been tarmacking for two years” hapa Kondele kila mtu anaelewa na kukupa pole. Mtahini aliye mbali atadhani unajenga barabara. Andika “looking for work” au “job-hunting”. “Attachment” ya chuo iwe “internship” au “work placement”. Mwalimu aliyekuwa “interdicted” awe “suspended”. “Off day” iwe “day off”. “Posho mill” na “jua kali” unaweza kuyatumia, ila yaeleze papo hapo kwa maneno machache, mfano “small informal workshops, known locally as jua kali”. Mimi binafsi napenda mkiyatumia hivyo, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mfano ni wenu, haukuchumwa kwenye kitabu cha majibu.

Kuna pia Kiswahili kinachojificha ndani ya Kiingereza. “I missed a job” ni “nilikosa kazi” iliyovaa koti. Sahihi ni “I didn’t get the job”. “Apply a job” imekosa “for”. “Cope up with” ina “up” ya ziada. Teknolojia haifanyi wala hailetei watu kazi kwa “make jobs”; Kiingereza kinataka “create jobs”. Mfano mnao mtaani: M-Pesa ilipoanza 2007 ilipunguza safari za kupeleka pesa kwa mkono, na hapo hapo ikazaa mawakala. “Mobile money created jobs for thousands of agents.” Na “equipment”, “machinery” na “unemployment” hayapokei “s”.

Kitenzi “replace” kinawapindua wengi. Mwajiri anayeleta mashine na kuondoa vibarua, “he replaces workers with machines”. Wanaoondoka hutajwa kwanza. “Substitute” huenda kinyume: “he substitutes machines for workers”, kinachoingia kikitajwa kwanza. Mkishindwa kukumbuka, shikeni “replace” peke yake, inatosha.

Katika kuzungumza, Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bahati nzuri “automation” hutii kanuni hiyo. “Employee” mara nyingi haitii: wengi huuweka mkazo mwisho kabisa, tofauti na “employer”, na usipoutofautisha, bosi na kibarua wanakuwa mtu mmoja. “Machine” ina “sh” ile ile ya mashine. Na ukiulizwa “What do you do?”, hujaulizwa unafanya nini sasa hivi. Umeulizwa kazi yako.

Kuhusu daftari, acheni orodha za neno na tafsiri. Maneno kumi kwa wiki yanatosha. Kila neno lipewe mistari minne: neno lenyewe na alama ya mkazo, ndugu zake, kama “automate, automated, automation”, jirani yake wa kawaida, yaani kihusishi au neno linaloandamana nalo, kama “invest in” au “skilled workers”, halafu sentensi yako mwenyewe, na Kiswahili chake pembeni, kuhusu mahali unapopajua, iwe kiwanda cha sukari, shamba la maua Naivasha au kaunta ya benki. Siku ya pili funika Kiingereza, usome Kiswahili tu na uijenge upya. Rudia siku ya nne na ya nane. Neno likikutoka mara mbili, tatizo huwa ni sentensi. Iandike nyingine inayokuhusu zaidi.

Siku ya mtihani, insha ya pili ina dakika 40 za kupendekezwa na maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Msamiati ni robo ya alama, si zote. Aya nzima mliyoikariri, hasa ile inayoanza na “In this modern era of technological advancement”, mtahini ameisoma mpaka imemchosha, na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye swali hayawaongezei kitu. Wekeni dakika tatu za mwisho kusaka mambo matatu tu: “a work”, “loose”, na “s” iliyojibandika kwenye “equipment”.

Kabla ya Jumapili, tafsirini hizi, kisha mkabidhiane madaftari msahihishane:

Anatafuta kazi tangu 2023.

Kiwanda kimeondoa vibarua ishirini na kuleta mtambo mmoja.

Hakufukuzwa, nafasi yake ndiyo iliyofutwa.

Kwa ile ya kwanza, atakayeandika “he is looking” arudie. Inahitaji “has been looking”.

Mzee wenu,
Kisumu