Tukinunua redio ya dharura, tukague mpini kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie redio za dharura, zile zinazojizalishia umeme kwa kuzungushwa mkono au kwa paneli ya sola, ambazo sisi wa mwambao wa kusini tuna kila sababu ya kuwa nazo tangu Kimbunga Hidaya kitufikie mwanzoni mwa Mei 2024.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kabla kimbunga hicho hakijafika Mafia tarehe 4 Mei, kwa hiyo taarifa hazikukosekana. Shida huja baadaye, pale barabara inapokatika kama ilivyokatika Somanga, umeme ukazimika, simu zikaisha chaji, na mnara wa simu ukabaki kutegemea jenereta ambayo mafuta yake hayana njia ya kupita. Redio iliyomo ndani ya simu nayo haitufikishi mbali, kwani inakula chaji ileile, na aghalabu haishiki kituo bila kuchomekwa hedifoni.

Kwenye kuchagua ndiko tunakopunjwa. Muuzaji huionyesha redio ikiwaka taa, ikilia king'ora na kupiga nyimbo za kwenye flashi (maana kwetu redio isiyofanana na sabufa haina mnunuzi), na mteja huondoka ameridhika bila hata kuugusa mpini. Ningeshauri aombe redio ambayo chaji yake imeisha, auzungushe mpini kwa dakika moja, kisha aisikilize kwa sauti ya kawaida mpaka inyamaze yenyewe. Ikiwa haiwezi kuhimili hata muhtasari wa habari, airudishe kabatini. Mpini mwembamba wa plastiki unaocheza ukishikwa, huku meno ya gia yakisikika yakirukana ndani, utavunjika siku utakapohitajika kweli, na dainamo iliyo nzima haitakuwa na wa kuizungusha.

Paneli ya sola iliyobandikwa juu ya redio hizi kwa kawaida ni ndogo mno, hujaza chaji polepole hata jua likiwaka, na siku za kimbunga jua lenyewe halipo. Kwa sababu hiyo redio inayokubali pia betri za kawaida za dukani ni bora kuliko ile inayojisifu kwa sola peke yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni masafa. Baadhi ya redio hizi zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, na zina kitufe cha "WB" kinachofungua masafa ya megahezi 162, ambako idara ya hali ya hewa ya huko hutangaza saa zote; kwetu kitufe hicho ni pambo, tusikilipie. Nyingine za kidijitali hutafuta vituo kwa kuruka kilohezi 10 kila hatua kwenye masafa ya kati (AM), ilhali vituo vya upande wetu wa dunia vimepangwa kwa kilohezi 9, hivyo huishia kukwaruza pembeni mwa kituo. Yenye kisahani cha kuzungusha kwa kidole haina tatizo hilo. Aidha, tusiridhike na FM pekee, kwani mtambo wa FM ulio jirani ukizimika, masafa ya kati na mafupi ndiyo yanayoweza kuleta sauti kutoka mbali, hasa usiku.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Naziomba halmashauri za mwambao zinunulie kila kamati angalau redio moja ya aina hii, hata kwa kupunguza fulana za semina, na zimkabidhi mtu anayejulikana kwa jina, ambaye kila mwezi ataizungusha na kuisikiliza kidogo, kwa kuwa betri ya ndani ikiachwa tupu kwa muda mrefu hufa na haishiki chaji tena.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko