Kabla ya kupiga Windows upya, angalieni betri ya saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye steshenari, maduka ya picha za pasipoti na ofisi ndogo za hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, pamoja na wenzetu wa Sengerema na Nansio, ambao bado wanaendesha kazi kwa kompyuta za mezani zenye Windows 7. Nyingi ni Dell OptiPlex na HP Compaq za mtumba, na bado zina nguvu ya kuchapa barua na kutoa kopi. Tatizo ni kwamba zikileta kasoro kidogo tu zinapigwa Windows upya, yaani diski inafutwa na Windows kuwekwa mpya, na mwenye duka anapoteza barua za wateja, picha za wanafunzi na hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba. Inauma, kwa sababu mara nyingi kilichokufa ni betri ya saa.

Betri hiyo imekaa juu ya bodi kuu, bapa na ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Ndiyo inayoiwezesha saa kutembea na mipangilio ya BIOS (programu ndogo ya bodi kuu inayowaka kabla ya Windows) kubaki pale plagi inapokuwa haina umeme. Duka linalozima swichi ya ukutani kila jioni linaitumia betri hiyo usiku kucha, ndiyo maana kwetu inakwisha mapema kuliko kwenye ofisi ambayo umeme haukatwi.

Dalili ya kwanza: unawasha asubuhi, tarehe imerudi nyuma miaka mingi, kwa kawaida karibu na mwaka bodi ilipotengenezwa. Dell hulalamika kwamba saa haijawekwa, HP huonyesha kosa namba 163. Watu wengi hubonyeza F1 na kuendelea na kazi. Kisha mteja anakuja kuomba mkopo wa HESLB au kuangalia matokeo ya NECTA, na brauza inagoma ikisema muunganisho si salama. Hapo bando halina kosa, modemu haina kosa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009 inaona cheti hicho hakijaanza kutumika, inakikataa.

Msitegemee Windows ijirekebishe yenyewe. Ukienda Internet Time, kwenye mipangilio ya tarehe na saa, na kubonyeza Update now wakati tarehe imepotea kwa miaka, inakataa kwa sababu za usalama. Weka kwanza tarehe sahihi kwa mkono, ndipo ubonyeze. Na hapohapo kagua kanda ya saa: orodha ya Windows 7 haina Dar es Salaam, chagua (UTC+03:00) Nairobi. Kompyuta nyingi za mtumba hubaki kwenye saa za Pacific za Marekani. Mwenye duka anasahihisha saa kwa mkono, intaneti ikipatikana inaruka tena kwa saa kumi au kumi na moja, naye anadhani ni virusi.

Dalili ya pili ndiyo inayowaponza watu. Betri ikifa, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mmoja wa mipangilio hiyo ni namna bodi inavyozungumza na hadidiski, ambayo huwa IDE (ya zamani) au AHCI (mpya zaidi). Kama Windows iliwekwa chini ya IDE na BIOS sasa imerudi AHCI, au kinyume chake, inaanza kuwaka, inatoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, inajizima na kuwaka tena, bila kikomo. Hapo ndipo utasikia “hadidiski imekufa” au “tupige Windows”. Usikubali haraka. Kwenye Dell bonyeza F2 wakati inawaka, nenda System Configuration, kisha SATA Operation. Kwenye HP ni F10, kisha Storage, Storage Options, SATA Emulation. Badilisha, hifadhi, jaribu kuwasha. Ikigoma, rudi ujaribu chaguo jingine. Kubadili kati ya IDE na AHCI hakufuti faili hata moja. Ikitokea skrini inayokutaka uunde RAID (kuunganisha hadidiski kadhaa zifanye kazi kama moja), toka bila kukubali. Ikishawaka vizuri, piga picha ya ukurasa huo kwa simu na uitunze, maana siku betri ikifa tena hutakuwa na haja ya kubahatisha.

Kama bado una shaka na hadidiski, ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB, ufungue folda ya Users. Faili zikisomeka, hamisha kila kitu kwanza. Fundi anayetaka kufomati kabla ya hatua hii mwambieni asubiri.

Kubadilisha betri yenyewe ni kazi ndogo. Zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kava kabla ya kugusa bodi. Sukuma kibanio kwa bisibisi ndogo, betri itaruka juu, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwa na mita, pima hata hiyo mpya: iliyokaa dukani miaka inaweza kusoma chini ya volti 2.8, na hiyo haitakufikisha mbali. Mkiwa mmefungua kava, safisheni feni. Wale vijidudu vya ziwani wanaofuata taa usiku hufia humo, wakachanganyika na vumbi, na prosesa inachemka hadi kompyuta inajizima. Tumia brashi kavu, na ushikilie mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza.

Nikija kwenye printa: umeme ukikatika katikati ya kuchapa, faili linabaki kwenye foleni limeandikwa Deleting na haliondoki hata ukizima na kuwasha, kwa sababu Windows inalisoma upya kutoka kwenye hadidiski kila inapowaka. Fungua Start, andika cmd, bonyeza kulia, chagua Run as administrator, kisha andika amri hizi tatu, moja moja:

net stop spooler
del /q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Foleni itakuwa tupu. Kama printa bado iko kimya, fungua Devices and Printers. Waya wa USB ukihamishiwa tundu jingine, Windows 7 huweza kusajili printa ileile mara ya pili kwa jina lenye Copy 1, huku kazi zikiendelea kutumwa kwa ile ya zamani. Fanya Copy 1 iwe ndiyo chaguo la kawaida, au rudisha waya pale ulipokuwa.

Flashi za wateja nazo zina habari yake. Mteja analeta flashi, folda zote zimegeuka shotikati zenye mshale mdogo, anaambiwa faili zimekwisha. Bonyeza kulia kwenye flashi, angalia Properties: kama nafasi iliyotumika ni kubwa, faili zipo, zimefichwa tu. Usibofye shotikati hata moja, kwani huko ndiko virusi wanakowashwa. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ukiona wscript.exe (programu ya Windows ambayo virusi hawa huitumia kujiendesha) isimamishe. Kama flashi ni herufi E, andika kwenye cmd: del E:\*.lnk, kisha attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na usubiri. Faili zitarudi, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Zikishanakiliwa mahali salama, ndipo uifomati flashi. Halafu fungua msconfig, kipande cha Startup, uondoe alama kwenye chochote kinachoishia na .vbs, la sivyo flashi ya mteja anayefuata itaambukizwa na kompyuta yako.

Kwa wanaolalamikia uzito wa kompyuta: fungua Start, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, Performance, Settings, chagua Adjust for best performance, kisha rudisha alama mbili tu, ya kulainisha herufi na ya mitindo ya madirisha, ili macho yasiumie. Windows 7 ya biti 32 haitatumia zaidi ya GB 4 za RAM, kwa hiyo usiuziwe GB 8 kabla hujaangalia ni ya biti ngapi. Kwa maoni yangu, hela ya kwanza iende kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 120 au zaidi. Tofauti yake utaiona tangu dakika ya kuwasha. Na kwenye Region and Language chagua English (United Kingdom), kwani mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, na kwenye ankara tarehe 3 Aprili inageuka 4 Machi.

Kwa upande wa brauza, Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109. Afadhali Firefox 115 ESR, ambayo ina orodha yake yenyewe ya vyeti. Hilo ni muhimu kwa sababu cheti kimoja kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha tarehe 30 Septemba 2021, na Windows isiyosasishwa inaweza kukosa mbadala wake.

Yote haya hayabadili ukweli kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 kwa watu wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Ichape, ikopi, iskani, iandike barua. Ila nywila za benki na namba za siri za fedha za simu zisiguse kompyuta hiyo kabisa, ziwe zako au za mteja, na kila Jumamosi folda za kazi zinakiliwe kwenye hadidiski ya nje ambayo inachomolewa mara kazi ya kunakili inapomalizika.

Fundi kompyuta,
Mkuyuni, Mwanza