Milima ikuzwe kwa kipimo, na msomaji aambiwe

Mhariri,

Picha za Mlima Kenya ukiwa nyuma ya majumba ya Nairobi huzua ubishi kila zinapotokea. Wengine huapa kuwa zote ni za kubuni, wengine huzisambaza bila kuuliza. Kukuza sehemu moja ya picha, kama mlima uliodunishwa na lenzi, ni ufundi halali wa mandhari, ila una mipaka ambayo wengi wetu tunaoshika kamera tunaivuka.

Kutoka katikati ya jiji hadi kileleni ni karibu kilomita 140. Ingawa kilele kina mita 5,199, kwa umbali huo mlima hauinuki hata digrii moja juu ya upeo wa macho. Kwa lenzi pana ya milimita 16 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), hiyo ni kama asilimia moja ya kimo cha picha, yaani pikseli 40 hivi kati ya 4,000. Pikseli 40 hazikuziki. Ukizilazimisha utapata doa lenye miraba. Anayetaka mlima mkubwa atumie lenzi ya milimita 200 na akubali kupoteza sehemu ya jiji.

Ufundi huu unafaa zaidi kwa Vilima vya Ngong vilivyopigwa kutoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa milimita 24 au 35, ambapo lenzi imevidunisha lakini haijavifuta. Nyoosha kwanza mpindo wa lenzi, safisha madoa ya vumbi na upunguze chengachenga (vinukta vya ukungu kwenye picha). Ukikuza kabla ya hapo, kasoro hizo hukua pamoja na vilima. Nakili leya (tabaka la picha), chagua vilima pamoja na ukanda wa anga juu yake na wa nyasi chini yake, kisha katika programu ya Photoshop tumia Warp, zana ya kuvuta na kupinda umbo. Vuta katikati kwenda juu huku kingo za pembeni zikibaki palepale. Asilimia 115 hadi 125 ya kimo cha awali yatosha. Ukifika 150, kila pikseli ya katikati inatandazwa juu ya eneo mara 1.5 hivi ya lake, na mgongo wa vilima unakuwa laini kuliko miti iliyo mbele. Hapo ndipo jicho hushtuka.

Ziba maungio kwa maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya leya) na brashi pana, laini, hasa mahali mstari wa miti unapokutana na kilima. Mawingu yaliyogusa kilele huvutika yakawa marefu, kwa hivyo yarudishe kutoka leya ya chini. Kukiwa na bwawa, kivuli cha kilima majini nacho kikuzwe kwa kiasi kilekile. Hili husahaulika mno. Mwishoni nyunyizia picha nzima chengachenga kidogo ili sehemu zote zilingane.

Mwezi ndio unaoumbua wengi. Jumba la KICC lina mita 105. Ili mwezi mpevu ulingane nalo kwa kimo, mpiga picha lazima awe karibu kilomita 12 kutoka pale. Ikiwa picha inaonyesha watu wakivuka barabara mbele ya jumba hilo na mwezi unalizidi, mwezi huo umepachikwa au umekuzwa.

Naomba gazeti hili lisitumie picha za aina hii katika habari kamwe. Kwenye kurasa za utalii na kalenda, maelezo chini ya picha yaseme wazi: "Vilima vimekuzwa." Na kabla ya kuchapisha, dawati la picha limtake mpiga picha alete faili asilia ya kamera, ambayo kwa kawaida huonyesha milimita za lenzi iliyotumika.

Mpiga picha wa mandhari,
Nairobi