Mafundi wa kuprinti, ulizeni kitambaa kwanza

Mhariri, naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi fulana na jezi tunazoprintisha hapa Kigoma. Msimu wa mahafali na harusi ukifika kila kamati inakimbilia steshenari na swali ni lile lile, bei gani kwa moja, fundi anataja bei, advansi inalipwa, imeisha hiyo. Hakuna anayeuliza kitambaa gani wala zinatakiwa ngapi.

Timu yetu ya mtaani huku Mwanga ilipeleka jezi nyekundu ziwekwe namba nyeupe. Siku ya kuzichukua zilikuwa safi, baada ya siku kadhaa ule weupe ukaanza kuwa pinki, tukirudi kwa fundi anasema eti tumefua na nguo za rangi, wakati jezi hazijagusa hata maji! Kumbe jezi ni poliesta, na rangi yake ikipigwa moto mkali wa hiti presi, ile mashine ya kubana printi kwa moto, inapanda mpaka kwenye namba. Dawa zipo, moto wa chini au wino wa kuzuia rangi isipande, ila lazima fundi ajue ameshika poliesta.

Sasa mtu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mwenye fulana 100 za pamba na nembo ya rangi moja, huyo apigiwe skrini tu, yaani wino unasukumwa kwenye fulana kupitia fremu ya wavu, asizungushwe. Kila rangi inatengenezewa fremu yake kwahiyo gharama iko mwanzoni, ukiigawa kwa fulana 100 wala huisikii. Anayetaka 3 za besidei zenye picha ya mtoto, fremu ni kumuumiza bure, hapo DTF (direct to film) ndo mahali pake, picha inaprintiwa kwenye filamu, inamwagiwa unga wa gundi halafu inabanwa kwa moto, inakubali pamba na poliesta, nyeusi na nyeupe. Ubaya wake mchoro ukijaa kifua kizima haupitishi hewa, na jua la huku mnalijua. Na mwenye pasi ya mkaa aigeuze fulana ndani nje kabla ya kunyoosha.

Sablimesheni nayo, ile ya wino unaogeuka mvuke kwa moto, inasifiwa sana kwamba haibanduki, ni kweli, wino unazama ndani ya uzi, lakini iwe poliesta tena nyeupe au ya rangi nyepesi. Kwenye pamba ukifua inafifia, kwenye nyeusi hata haionekani. Wapo wanaoipiga kwenye pamba hivyo hivyo na hela wanachukua, huo mimi nauita wizi. Sweta za shule na kofia wadarizi tu, ni ghali lakini sweta litachakaa nembo ikiwepo.

Ninachoomba risiti iandikwe aina ya printi na aina ya kitambaa, ili kukiwa na ugomvi tujue pa kuanzia. Na kamati msilipe kabla ya kupewa sampuli moja mkaifue na kuipiga pasi nyumbani. Fundi akikataa kutoa sampuli, pandeni bajaji mshuke Ujiji mkaulize kwingine.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma