Mwani unataka kina, si kamba mpya

Mhariri,

Kila mwani unapokufa mashariki mwa Unguja, msaada unaofika ni ule ule: kamba, vijiti na mabuti. Wakulima wanachomeka vijiti pale pale na mwani unakufa tena. Kilichoharibika ni maji.

Kilimo hiki kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, maji ya magotini yalitosha. Siku hizi wakati wa kaskazi, bahari ikipwa kuelekea adhuhuri, maji yanayobaki ndani ya mwamba huchemka na jua. Kotonii, aina ya mwani wenye bei, huanza kudhoofu joto likivuka nyuzi 30 hivi. Pingili hupauka, zikawa nyeupe na laini, na wimbi dogo tu huzikata. Mvua kubwa ya masika ikipunguza chumvi, huwa hivyo hivyo. Spinosamu, aina ya pili ya mwani, huvumilia zaidi, ndiyo maana umejaa mashambani, ila bei yake haimlipi mtu mgongo wake.

Anayelazimika kubaki maji mafupi asichukue mbegu kwenye shina lenye weupe, hata upande mmoja ukionekana mzima. Akate ncha changa, gramu 100 hivi kwa kila fundo, na kati ya fundo na fundo aache shubiri moja. Taitai, kile kikamba cha kufungia mbegu, asiikaze: mwani ukinenepa itaukata shingo. Kila bamvua, bahari ijaapo na kupwa sana, atikise kamba zitoke tope na ndevu za majani mengine, maana hizo huziba mwanga. Weupe ukianza, avune hata kama wiki 6 hazijatimia. Atapata uzito mdogo, lakini akingoja ataokota kamba tupu.

Dawa yenyewe iko mbele, penye mita 2 mpaka 6 maji yakiwa yamekupwa. Huko kamba huelea kwa maboya na kushikwa na nanga ncha zote mbili. Nako kuna hila zake. Nanga nyepesi huburutwa na kusi, na asubuhi shamba zima limesokotana kama nywele zisizochanwa. Samaki aina ya tasi nao hula ncha, basi mbegu ndogo huisha kabla haijashika. Nyavu za mfano wa bomba huzuia mwani kukatika na kwenda na mkondo, ila kuzijaza ni kazi ya watu wawili.

Sasa, wakulima wengi ni wanawake, na wengi wao hawaogelei. Kumpa maboya mtu asiye na chombo wala jaketi la kuokolea ni kumtania. Bajeti ianze na boti ya kikundi, na kabla nanga haijashushwa wavuvi wa nyavu na wenye boti za watalii wakubaliane njia zao zipite wapi. Mafunzo ya kuogelea yawekwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Bamvua likija wote wako shambani na mwalimu atakuta ufuo mtupu.

Mkereketwa wa mwani,
Unguja